Uanagenzi Huanza Mwaka wa Kwanza: Mwanafunzi wa Kiswahili na Utafutaji wa Mwelekeo wa Kazi

Utangulizi

Kila mwaka kumbi za mihadhara za vyuo vikuu vyetu hupokea vijana wapya walioteuliwa kusomea Kiswahili. Baadhi yao waliichagua taaluma hii kwa mapenzi. Wengine waliletwa na mtambo wa uteuzi baada ya alama zao kutofikia sheria, uuguzi au uhandisi, nao huingia darasani wakiwa na simanzi ya mtu aliyekosea gari na kushukia kituo asichokijua. Makundi haya mawili hukutana na swali moja, nalo huulizwa na wajomba, mashangazi, majirani na hata wahadhiri wa idara nyingine: "Utafanya nini na Kiswahili?" Jibu la haraka ni "Nitafundisha." Jibu hilo si baya, na mwandishi wa makala haya hana nia ya kuubeza ualimu ambao umewalea wengi wetu. Tatizo ni kwamba aghalabu hutolewa ili kumnyamazisha muulizaji, wala halitokani na uchunguzi wowote wa nafsi ya mjibuji.

Makala haya yanadhamiria kumsaidia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuchunguza mambo yanayomvutia katika taaluma ya Kiswahili na kupanga mapema mafunzo yake ya nyanjani. Hoja yetu kuu ni kuwa mwanafunzi anayengoja mwaka wa tatu ndipo aanze kuyafikiria mafunzo hayo huwa amechelewa. Hachelewi kwa sababu nafasi zimekwisha. Huchelewa kwa kuwa hajui aombe nini.

Dhana ya Uanagenzi

Katika mazungumzo ya wanafunzi, neno linalotumika zaidi ni "atachimenti". Idara nyingi huandika "mafunzo ya nyanjani", na magazeti hupendelea "uanagenzi". Makala haya yanatumia istilahi hii ya tatu kwa sababu inabeba picha ya mtu aliyekaa kando ya fundi akijifunza kazi kwa macho na mikono. Tazama pia umbo lake: mwanagenzi na mkurugenzi yanashiriki kiini kimoja cha -genzi, kama mwanafunzi na mkufunzi yanavyoshiriki -funzi. Anayejaribu safari na anayeiongoza wamo katika neno moja, japo ofisini mmoja ana kiti cha kuzunguka na mwingine ameegemea kabati la faili.

Ni muhimu pia kutenganisha uanagenzi na kazi ya malipo duni. Mnamo Mei 2024 walimu waliohitimu na kusajiliwa, waliokuwa wakifundisha katika sekondari ya msingi kwa jina la wanagenzi, waligoma kudai ajira ya kudumu. Mgogoro ule ulikuwa wa mishahara, lakini mwanafunzi wa Kiswahili angeuona kuwa ulikuwa wa istilahi vilevile. Mtu aliyekwisha kufuzu, anayebeba mzigo kamili wa vipindi, anaitwaje mwanagenzi? Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, wa pili au wa tatu anayekwenda nyanjani kwa miezi mitatu ndiye mwanagenzi kwa maana yake halisi. Ana haki ya kufunzwa, na ofisi inayompokea ina haki ya kumwona akifanya kazi.

Kosa Langu

Sipendi kujitaja katika maandishi ya kitaaluma, ila hapa kosa langu ndilo ushahidi nilio nao wa karibu zaidi. Nilipofika mwaka wa tatu nilikuwa nimepata alama za juu katika mofolojia na fasihi simulizi, na niliamini kwamba alama hizo zingesema kwa niaba yangu. Niliandika barua moja, nikaitoa nakala ishirini na mbili, nikazitawanya katikati ya jiji la Nairobi. Kampuni moja ya uchapishaji ilinikubali. Siku ya kwanza mhariri mkuu aliniuliza, "Ungependa kujifunza nini hapa?" Nikamjibu kwa unyenyekevu wote, "Chochote mtakachonipa." Basi nikapewa chochote. Kwa majuma sita nilihesabu vitabu ghalani, nikavifunga katika maboksi na kuandika majina ya shule kwa kalamu nene. Sikudhulumiwa. Nilipata nilichokiomba.

Juma la saba mhariri mmoja wa makamo alinihurumia, akanipa prufu za kitabu cha hadithi cha watoto wa darasa la pili. Nilizisoma siku mbili nzima. Nilinasa makosa matatu ya upatanisho wa kisarufi na herufi kubwa iliyokosewa, nikamrejeshea nikitarajia sifa. Alifungua ukurasa wa tisa, akauweka mbele yangu. Matini ilisema mzee alikuwa na mbuzi wanne, na zoezi chini yake lilimtaka mtoto awahesabu. Mchoro ulikuwa na mbuzi watatu. "Mwanangu," akaniambia, "mtoto atahesabu mbuzi kabla hajahesabu ngeli."

Jioni ile nilitambua mambo mawili. Kwanza, uhariri si somo la sarufi lililohamishiwa ofisini. Ni kazi ya jicho linaloona ukurasa wote kama msomaji atakavyouona. Pili, kazi ile ilinipendeza kuliko chochote nilichowahi kufanya chuoni, na nilikuwa nimebakiza majuma matano tu ya kuijifunza. Laiti ningalikuwa nimesoma prufu hata za jarida la chama nikiwa mwaka wa kwanza, ningalilijibu swali la mhariri mkuu kwa sentensi moja, na majuma sita ya ghalani yangalikuwa ya mezani.

Kuchunguza Mvuto

Je, mwanafunzi aliyefika chuoni majuzi atajuaje kinachomvutia? Kuna ushauri uliozoeleka wa kumwambia "afuate moyo wake". Ushauri huo haumfai, kwa sababu moyo hauwezi kupenda kazi ambayo haujawahi kuiona ikifanywa. Kijana aliyelelewa kijijini amemwona mwalimu, amemwona padri au imamu, amemsikia mtangazaji redioni. Hajawahi kumwona mhariri wa kumbukumbu rasmi za Bunge, mkalimani wa mahakamani wala mtu anayetafsiri fomu za hospitali. Hatua ya kwanza, basi, ni kwenda kuona.

Mahakama ni mahali pazuri pa kuanzia, na hapalipishwi kiingilio. Kesi nyingi husikilizwa hadharani. Mwanafunzi akivaa kwa heshima, akizima simu na kuketi nyuma, hakuna atakayemfukuza. Kwa mujibu wa sheria zetu, lugha za mahakama za chini ni Kiingereza na Kiswahili, na Kipengele cha 50 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila malipo. Sikiliza hati ya mashtaka iliyoandikwa kwa Kiingereza ikisomwa na karani kwa Kiswahili papo hapo, pasi na kamusi wala muda wa kufikiri. Wizi, wizi wa mabavu, na kupatikana na mali ya wizi ni mashtaka matatu tofauti yenye adhabu tofauti. Karani akiteleza katika neno moja, mshtakiwa anaweza kukiri kosa ambalo hakulitenda. Mwanafunzi akitoka mle moyo ukimdunda, akitamani kujua neno fulani lilipaswa kutafsiriwa vipi, amepata habari muhimu kumhusu yeye mwenyewe. Akitoka amechoka na kusinzia, hiyo pia ni habari, wala haina aibu.

Bunge nalo lina mengi. Kipengele cha 120 cha Katiba kinataja lugha rasmi za Bunge kuwa Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Mbunge akichangia kwa Kiswahili, mchango wake huchapishwa kwa Kiswahili katika kumbukumbu rasmi, na kumbukumbu hizo zinapatikana katika tovuti ya Bunge. Chukua hotuba moja iliyochapishwa, kisha tafuta video yake uilinganishe. Utaona jinsi usemi wenye kukatikakatika, kurudia na kuchanganya ndimi unavyogeuzwa kuwa aya inayosomeka bila kubadilisha maana. Jaribu mwenyewe kunukuu dakika kumi za hotuba. Wengi hudhani ni kazi ya nusu saa; wanapomaliza, jua limekwisha kutua. Waliowahi kurekodi ngano za bibi zao kwa ajili ya kozi ya fasihi simulizi wanajua kuwa saa moja ya sauti hula saa nne au zaidi za uandishi.

Tafsiri ndiyo inayowavutia wengi siku hizi, na labda ndiyo inayodharauliwa zaidi na wale wasioijaribu. Chukua mfano wa utafiti wa kitabibu. Huko Kilifi, watafiti wa KEMRI na washirika wao wamefanya kazi kwa miongo kadhaa na jamii zinazozungumza Kiswahili na Kigiriama, na mzazi hawezi kuombwa mtoto wake ashiriki utafiti kabla hajaelezwa kwa lugha anayoielewa. Fomu ya idhini itasemaje kwamba mtoto atapewa ama chanjo halisi ama dawa isiyo na chochote ndani yake, na kwamba si daktari wala mzazi atakayechagua? Je, "bahati nasibu" inafaa, au itamfanya mama adhani anacheza kamari na afya ya mwanawe? Mililita tano za damu zitaelezwaje? Kijiko kimoja cha chai ni kipimo anachokijua kila mtu aliyewahi kukoroga sukari. Mwanafunzi akae na ukurasa mmoja wa namna hii kwa juma zima, ampe mama asiye msomi ausome au asomewe, kisha amwombe aeleze alichoelewa. Zoezi hilo litamfunza mengi kuhusu nadharia ya tafsiri, na zaidi kuhusu subira yake mwenyewe.

Upo pia uwanja wa teknolojia. Mradi wa Common Voice wa Mozilla humruhusu yeyote kusoma sentensi za Kiswahili kwa sauti na kukagua zilizosomwa na wengine, ili mitambo ijifunze kuisikia lugha yetu. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, inahitaji waandishi na wahariri kila siku. Hapa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza haombi ruhusa ya mtu. Anaanza leo, na alichokiandika kinabaki na tarehe yake. Uhunzi wa istilahi ni kazi ya jadi yetu vilevile. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, aliyetuachia neno "runinga", hakungoja taasisi imwamuru.

Kwa kila zoezi, mwanafunzi awe na daftari. Asiandike "nilifurahia" au "nilichoka" peke yake. Aandike: nilifanya nini, kwa muda gani, niliacha kuangalia saa wakati gani, nilikwama wapi, na je, nilirudi kwenye kazi hiyo kesho yake bila kushurutishwa? Swali hilo la mwisho ndilo kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Kufikia mwisho wa muhula wa pili, kurasa chache za daftari hili zitakuwa zimesema kile ambacho mitihani haisemi.

Wasiwasi wa Kupotea Njia

Pingamizi linaloweza kutolewa ni kwamba kuchagua mapema ni kujifunga. Historia ya waandishi wetu inaonyesha vinginevyo. Shaaban Robert alifanya kazi ya ukarani wa forodha kwa miaka mingi, kisha akahudumu katika idara ya wanyamapori. Abdilatif Abdalla alikuwa karani katika Manispaa ya Mombasa kabla ya kufungwa mwaka 1969. Baadaye alifanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili jijini Dar es Salaam, katika idhaa ya BBC mjini London, na katika Chuo Kikuu cha Leipzig. Marehemu Ken Walibora alikuwa afisa wa urekebishaji tabia, akawa msomaji wa habari, akawa mhadhiri ng'ambo, na Siku Njema ilikuwa imekwisha kuchapishwa mwaka 1996 kabla ya mengi ya hayo. Hakuna hata mmoja aliyepita njia iliyonyooka. Hata hivyo, tusidanganyike: walipokuwa wakihama kazi, walikuwa tayari wanajua kitu kimoja walichokuwa wakikifanya kila usiku baada ya ofisi kufungwa. Uchunguzi tunaoupendekeza unanuia kumpa mwanafunzi kitu hicho, si kumwandikia cheo atakachokufa nacho.

Wenzetu wa shahada ya elimu watasema kwamba wao wana mazoezi ya kufundisha na hayo yanatosha. Yanatosha kutimiza masharti ya shahada. Lakini mwalimu aliyewahi kukaa mwezi mmoja na mhariri hulisahihisha insha kwa jicho tofauti, na aliyewahi kukesha na maikrofoni ya redio ya chuo hufundisha matamshi kwa namna nyingine. Likizo ndefu ya mwaka wa kwanza haina mtihani wala mazoezi. Ni miezi mitatu au zaidi ambayo wengi wetu tuliilaza.

Barua

Kwa kuwa nimepewa mara kadhaa jukumu la kuwasaidia wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili kurekebisha barua zao za maombi, nimeona kwamba nyingi zinafanana kama sare za shule. Baada ya MINT: na mstari uliopigwa chini yake, huja "kwa heshima na taadhima", kisha "naomba nafasi yoyote iliyopo katika shirika lako tukufu". Neno linaloiua barua ni "yoyote". Msomaji wa barua hiyo, mwenye arubaini nyingine mezani, analazimika kumfikiria mwombaji kazi ya kufanya, na hana wakati huo.

Linganisha na hii: "Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Kiswahili. Tangu Januari nimekuwa nikisoma prufu za jarida la chama chetu, kurasa sitini kwa jumla, na ninaambatisha kurasa mbili zenye masahihisho yangu. Ningependa kujifunza jinsi mswada wa kitabu cha kiada unavyohaririwa kabla ya kuwasilishwa kwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala. Ninaweza kufika ofisini siku tano kwa juma, kuanzia Mei hadi Julai." Barua hii ni fupi kuliko ile ya kwanza. Haina sifa hata moja ambayo mwandishi amejipa. Ina ushahidi, ombi na tarehe. Ndiyo barua ninayotamani ningeiandika.

Jambo jingine la kweli, hata likituuma: ofisi nyingi zitataka barua kwa Kiingereza, hata zile zinazochapisha kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa Kiswahili asikasirike na kususia. Aandike kwa lugha zote mbili kwa umahiri sawa, kwa maana mtafsiri na mhariri anauza madaraja, si ukingo mmoja wa mto.

Nauli, Chumba na Kaunti

Yapo mambo yasiyozungumzwa katika semina za mwelekeo wa kazi, na makubwa zaidi ni nauli na kodi. Mwanagenzi mara nyingi halipwi, au hupewa posho isiyotosha chakula cha mchana. Mwenye shangazi Umoja au Kayole atamudu Nairobi. Mwenye wazazi Kwale, Budalang'i au Marsabit atamuduje? Tukisema uanagenzi ni wa jijini tu, tumekwisha kuwabagua wenzetu kwa mifuko ya wazazi wao, na tunajua pia kuwa baadhi ya hao ndio wenye Kiswahili kizuri zaidi darasani.

Ndiyo maana ninapendekeza mwanafunzi aanze kwa kuangalia kaunti yake mwenyewe. Kaunti zote 47 zina mabunge, na mabunge hayo yana watunzaji wa kumbukumbu za mijadala. Mahakama zimeenea hadi miji midogo. Kuna maktaba za umma, redio za kijamii, hospitali zinazohitaji vipeperushi vinavyoeleweka, na mashirika yanayoandaa mikutano ya hadhara kwa Kiswahili huku ripoti zao zikiandikwa kwa Kiingereza. Pwani kuna Ngome ya Yesu na makumbusho ya Lamu, ambako lugha na historia haviachani. Nafasi hizi hazitangazwi magazetini. Hupatikana kwa mtu kufika, kusalimu, kujieleza kwa ufupi na kurudi tena alivyoahidi. Ndiyo faida ya mwaka wa kwanza: mwanafunzi ana likizo mbili za kufahamika kabla ya likizo ya kuomba.

Akikubaliwa, aombe kwa adabu makubaliano ya maandishi, hata ya nusu ukurasa: atafanya nini, chini ya nani, kuanzia lini hadi lini, na je, atalipwa nauli. Nusu ukurasa huo ungeniokoa na ghala. Kadhalika amtafute mhadhiri mmoja atakayemwandikia baada ya kila majuma mawili. Wahadhiri wetu wana kazi nyingi, lakini sijamwona aliyekataa barua yenye aya moja.

Kuhusu ratiba, inatosha kurudi nyuma kutoka siku ya kwanza ya mafunzo. Kwa anayetaka kuanza Mei, barua zitoke Januari. Mazoezi yatakayoambatishwa yawe yamefanywa kufikia Novemba. Ziara za mahakamani na ofisini zifanywe katika likizo iliyotangulia, ambayo kwa msomaji wa mwaka wa kwanza ni hii inayokuja. Barua ya utambulisho kutoka idarani iombwe kabla ya mitihani, kwa sababu mitihani ikiisha makarani huenda likizo, na muhuri hubaki umefungiwa katika mtoto wa meza.